Gavana ameanguka, dosye yetu iko wapi?

Nyumbani kwangu Kapata, juu ya kabati, kuna bati la biskuti. Biskuti zenyewe zililiwa zamani na watoto ambao leo wana watoto wao. Ndani ya bati naweka vyeti vya kuzaliwa, kadi ya kazi ya marehemu baba yangu, na karatasi moja yenye mihuri mitatu. Muhuri wa kwanza ni wa bluu, Machi 2021. Wa pili ni wa zambarau, Juni 2022. Wa tatu ni mwekundu, Novemba 2024. Yote mitatu inasema neno moja: imepokelewa.

Karatasi hiyo ni nakala ya barua ya mtaa wetu kuhusu transfo, yaani transfoma ya umeme. Transfo iliungua usiku mmoja wa mvua kubwa mwishoni mwa 2020. Tulisikia mlio kama wa ngoma iliyopasuka, kisha harufu ya mafuta ya moto ikaingia hadi vyumbani, na tangu usiku ule nyumba zetu zikabaki na mbabula za makaa na mishumaa. Kwa kuwa nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi na mwandiko wangu unasomeka, majirani walinichagua niwe mwandishi wa kamati. Niliorodhesha kaya 86. Kila baba au mama wa nyumba alitia sahihi, na asiyejua kuandika aliweka dole gumba. Ukurasa wa tatu una alama ya bukari, ugali wetu, kwa sababu mama mmoja alitoka moja kwa moja kwenye mwiko kuja kuweka dole lake. Sikuukopi upya. Niliuacha hivyo hivyo, maana ulikuwa ushahidi kwamba watu wametoka jikoni kwao kuja kuiomba serikali.

Tuliipeleka dosye, yaani barua na orodha yake, katika ofisi moja ya serikali mjini Kolwezi, ambayo sitaitaja. Walitupokea vizuri, wakapiga muhuri wa bluu, wakatuambia turudi baada ya muda. Tulirudi, tukaambiwa inasomwa. Kisha ikafika Septemba 2021, gavana akaondoka kitini, na mimi nikarudi pale mwezi uliofuata. Mshauri aliyetupokea hakuwepo. Ukutani palikuwa na alama ya mraba, nyeupe kuliko rangi iliyoizunguka, mahali picha ilipokuwa imetundikwa. Droo mbili zilikuwa zimetolewa mezani na kuwekwa sakafuni. Kijana aliyekuwa pale alizipekua kwa heshima, akainuka na vumbi magotini, akaniambia: "Mama Mwalimu, hiyo ilikuwa ya timu ya zamani. Mulete upya."

Tuliandika orodha upya. Katika orodha ya pili kaya zilikuwa 81, kwa sababu watatu walikuwa wamefariki na wengine wawili walikuwa wamehama. Muhuri wa zambarau. Ikaja timu nyingine mwaka 2024, nasi tukaambiwa neno lile lile. Muhuri mwekundu.

Ninaandika haya kwa sababu kila viongozi wanapopigania kiti, redio na magazeti hutueleza nani ameshinda na nani ameshindwa, nani ni wa kambi ipi mjini Kinshasa. Sijasikia wakieleza kinachotokea kwa karatasi zilizokuwa mezani. Na sijasikia wakiuliza swali ambalo sisi wa Kapata tunaliuliza kila mara: kama kweli huyu aliyeondolewa alikula fedha, je, fedha zimerudi?

Kwa msomaji wa mbali niseme kwanza jinsi mambo yalivyo kwetu. Gavana wa jimbo katika Kongo hachaguliwi na mimi wala na jirani yangu. Sisi tunachagua wabunge wa jimbo, na hao wachache, wanaoweza kukaa wote katika ukumbi mmoja wa harusi, ndio wanaomchagua gavana. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inawapa pia uwezo wa kumwangusha kwa hoja ya kutokuwa na imani, ambayo huku tunaiita mosio tu. Kifungu cha 146, kilichoandikwa kwa ajili ya serikali ya taifa, ndicho kinachofuatwa pia majimboni. Ili kuiangusha serikali nzima, robo ya wabunge watie sahihi, saa 48 zipite, kisha kura. Wakipatikana zaidi ya nusu ya wabunge wote, imekwisha.

Saa 48. Mwezi wa Februari hapa Kapata, katikati ya masika, saa 48 hazitoshi kukausha shuka kwenye kamba. Ndizo wanazopewa watu kumsikiliza mtu aliyeshtakiwa kuharibu mali ya jimbo zima, kusoma hesabu zake, kuita wahasibu, kulinganisha risiti.

Siikatai mosio yenyewe. Mwalimu aliyefundisha uraia kwa miaka mingi hawezi kukataa chombo kinachomlazimisha mkubwa kujibu. Kabla ya 2006 tuliishi miaka 32 na Mobutu, mtu ambaye hakuna aliyeweza kumwuliza swali, nami nilimwimbia nyimbo za sifa uwanjani kila asubuhi kabla ya darasa, kama watoto wote wa Zaire. Gavana anayeiba aondoke, hata ikiwa kesho. Ninachokikataa ni mosio iliyofanywa kamba ya kumvutia mtu nje ya kiti ili mwingine akae, huku tuhuma zikitumika kama upindo wa kufunikia. Na hilo nimeliona likifanyika katika nchi yangu mara nyingi kiasi kwamba siwezi tena kuliita bahati mbaya.

Tazama mwaka mmoja na nusu tu. Tarehe 10 Desemba 2020 wabunge wa taifa walimwondoa spika wao, Jeanine Mabunda, kwa kura 281 dhidi ya 200. Tarehe 27 Januari 2021 waliiangusha serikali ya Waziri Mkuu Sylvestre Ilunga Ilunkamba, ambaye sisi wa Katanga tulimjua tangu alipoongoza reli yetu, SNCC. Kura 367 zilimkataa, katika bunge la watu 500 ambalo wengi wao waliingia kwa tiketi ya kambi iliyomleta. Hakuna uchaguzi uliofanyika katikati. Raia hawakubadilisha mawazo, wabunge ndio waliobadilisha. Kisha upepo ukashuka majimboni. Mei 2021 gavana Zoé Kabila aliangushwa na bunge la Tanganyika, jimbo lililokuwa Katanga pamoja nasi hadi 2015. Mwishoni mwa mwaka huo wabunge wa Kivu Kusini walimpigia kura ya kumwondoa gavana wao, Théo Ngwabidje, na baadaye Mahakama ya Katiba ikaibatilisha kura hiyo, akarudi kazini. Mei 2022 tume ya uchaguzi, CENI, ilibidi iandae uchaguzi wa magavana katika majimbo 14 kati ya 26, miaka mitatu tu baada ya magavana kuchaguliwa mwaka 2019. Zaidi ya nusu ya nchi ilikuwa imepoteza viongozi wake katikati ya njia.

Kwetu Lualaba sitaingia katika kila hatua ya mvutano uliokuwapo baina ya Kolwezi na Kinshasa. Richard Muyej, gavana wa kwanza wa jimbo tangu Katanga igawanywe, alitolewa kitini Septemba 2021 katikati ya tuhuma za matumizi mabaya ya fedha za jimbo. Naibu wake, Fifi Masuka Saini, akakaimu. Alikaimu hadi Aprili 2024, wabunge wapya walipomchagua kuwa gavana kamili. Hesabu mwenyewe: zaidi ya miaka miwili na nusu, jimbo lenye shaba na kobalti ambayo viwanda vya magari ya umeme duniani vinaitegemea, likiongozwa kwa ukaimu. Simhukumu mtu hapa, wala simsafishi. Sina karatasi za kufanyia lolote kati ya hayo mawili, na hiyo ndiyo huzuni yangu. Tuliishi ndani ya jambo lile, tukalisikia kila siku, na hatukuwahi kukalishwa chini tukasomewa hesabu.

Mtu wa Dar es Salaam au Mombasa anaweza kuuliza kwa nini kiti cha Kolwezi kina joto namna hii. Jibu liko katika Sheria ya Madini, ile iliyorekebishwa mwaka 2018. Kampuni inapolipa mrabaha wa madini, asilimia 50 huenda kwa serikali kuu, 25 huenda kwa jimbo, 15 kwa komini au sekta ambako mgodi uko, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Asilimia 25 ya mrabaha wa Lualaba si fedha za kununulia chaki. Malori yanayobeba kobalti yanapita usiku kucha, hata vikombe kabatini mwangu vinagongana. Anayekaa katika kiti kile ndiye anayeshika kalamu ya fedha hizo.

Na wale wanaoweza kumwondoa wana matatizo yao. Wabunge wa majimbo katika nchi yetu hukaa miezi bila mshahara, na hili si siri, wenyewe wamelalamika hadharani mara nyingi. Weka mbunge mwenye njaa mbele ya gavana mwenye mrabaha, halafu mpe mbunge huyo kisu cha mosio. Gavana atafanya nini? Watu wengi huku wanaamini kwamba atawalisha. Sina risiti ya kuthibitisha, lakini najua hesabu za darasa la tano: gavana anayehesabu kila jioni ni wabunge wangapi bado wako upande wake hana saa ya kusoma barua ya transfo. Hata akiwa mtu mwema. Hata akiwa anatoka Kapata.

Baba yangu alinifundisha kuogopa mambo haya. Mwaka 1965 alikuwa kijana katika kampuni ya migodi ya Union Minière, na redio ya nyumba ilikuwa yake peke yake, hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Alipenda kutusimulia juu ya wiki sita za mwaka ule. Moïse Tshombe, mtoto wa Musumba, huko ambako leo ni Lualaba yetu, alikuwa waziri mkuu, na muungano wake ulikuwa umeshinda uchaguzi wa wabunge. Tarehe 13 Oktoba Rais Kasa-Vubu akamfukuza, akamweka Évariste Kimba, naye pia mtu wa Katanga, wa upande wa Bukama. Bunge likamkataa Kimba tarehe 14 Novemba. Kasa-Vubu akamteua tena yule yule. Kila upande ulikuwa na kifungu chake cha katiba mkononi, na kila upande ulitaka jambo moja tu, mwenzake asikae. Tarehe 25 Novemba baba aliwasha redio kabla ya kwenda kazini akasikia kwamba jeshi limechukua nchi na kwamba Mobutu ndiye rais. Mwenzake wa zamu, alituambia, alifurahi: sasa wanasiasa watanyamaza. Walinyamaza kweli. Mwezi Juni 1966 Kimba alinyongwa mbele ya umati mjini Kinshasa pamoja na watu wengine watatu. Tshombe alifia mbali, Algeria, mwaka 1969. Nasi tuliobaki tulinyamaza miaka 32.

Baba hakusema Kasa-Vubu alikuwa mbaya au Tshombe alikuwa mzuri. Alisema watu walikuwa wamechoka. Walipoona wakubwa wanaangushana kila mwezi kwa vifungu, walipoteza hamu ya kuvitetea vifungu hivyo alipokuja mtu wa kuvichana. Hilo ndilo ninaloliogopa ninapokaa na vijana wa mtaa wangu. Wengi wao ni krezeri, wachimbaji wa mikono, wanaamka saa kumi alfajiri kwenda kwenye mashimo, na jioni wanapita karibu na Ziwa Malo ambako mama na watoto wanaosha mawe. Nikiwauliza kama watapiga kura, wananiambia: "Mwalimu, tunapiga, halafu wao wanapiga ya kwao." Kijana mmoja aliniambia afadhali aje askari apange mambo. Ana miaka 22. Hajui ni nani aliyewahi kuja akapanga mambo, na ilitupasa tulipe nini. Wala siwezi kumkaripia, kwa sababu hoja yake ya kwanza ni ya kweli.

Najua jibu la wanaotetea mosio hizi: kungoja mahakama ni kungoja mwiba utoke wenyewe, gavana mwizi atamaliza muhula wake kabla jaji hajafungua faili. Ni hoja nzito. Mahakama zetu ni polepole, na wakati mwingine ni dhaifu. Lakini angalia kinachotokea baada ya kura. Tuhuma zilizomwangusha mtu huachwa pale pale ukumbini pamoja na chupa za maji. Kama alikuwa mwizi, amepata njia ya kutokea bila kurudisha kitu, na baada ya miaka miwili utamwona katika orodha ya wagombea, amevaa suti mpya, akisema alionewa. Kama hakuwa mwizi, jina lake limeharibika na hakuna mahali pa kulisafishia. Kura ile inamaliza kazi ya wabunge, na kwa kuimaliza inaua kesi. Waliotaka kiti wamekipata, kwa nini waendelee kutafuta fedha?

Wakenya wana njia nyingine, nayo haina usafi wa malaika, lakini ina kitu ambacho sisi hatuna. Huko, madiwani wa kaunti wanaotaka kumwondoa gavana wanahitaji theluthi mbili, na baada ya kura yao gavana bado yuko kazini hadi Seneti ikae, isikilize mashahidi, imwite ajibu. Gavana Martin Wambora wa Embu aliondolewa mwaka 2014, mahakama ikamrudisha, na mwaka 2017 wananchi wenyewe wakamchagua tena. Mwaka 2024 naibu rais Rigathi Gachagua aliondolewa, na nani asiyejua kwamba ugomvi wake na rais ulianza kabla ya mashtaka? Siasa ilikuwepo tele. Lakini mwananchi aliyekuwa na televisheni aliyasikia mashtaka moja baada ya jingine, akasikia na majibu ya wakili. Angeweza kusema, hili nimeliamini, hili sikuliamini. Sisi wa Kapata tungepewa hata nusu ya hayo, tungeshukuru.

Ninachoomba si kikubwa. Hoja yoyote inayosema gavana au waziri wa jimbo amekula fedha iambatane na karatasi zake, na siku ile ile inapowekwa mezani bungeni, nakala yake iende kwa mwendesha mashtaka, ipigwe muhuri kama ulivyopigwa wa kwetu. Muda uongezwe, mwezi mmoja walau, na wabunge waliotia sahihi waje katika mitaa iliyowachagua wasome mashtaka kwa Kiswahili, na Kiruund, na Kisanga, watu wasikie. Kura ipigwe kwa kuinua mkono na jina litajwe. Na anayeingia ofisini baada ya mwenzake kuanguka akabidhiwe dosye zilizomo, moja moja, kwa orodha, mbele ya mashahidi. Serikali ya jimbo si duka la mtu ambalo likifungwa madeni yake yanafutika.

Mwezi uliopita tulikuwa na kilio katika avenyu ya pili kutoka kwangu. Mzee mmoja wa zamani wa kiwanda cha Luilu alikuwa amefariki, na kama desturi, wakubwa walikuja kukaa kidogo na wafiwa. Alikuwepo mtu mmoja wa siasa, jina lake halina haja hapa. Mwaka 2021 nilimsikia kwa masikio yangu akieleza redioni kwamba fedha za jimbo zimeliwa, na alitaja mabilioni kama mtu anayehesabu maharagwe. Nilimpelekea maji ya kunawa, nikakaa kwenye kiti cha karibu naye. Nikamwambia: "Papa, samahani kwa kukusumbua kwenye kilio. Zile fedha ulizosema, ziliishia wapi? Karatasi zake nani anazo?"

Alinitazama bila ubaya wowote. Nadhani alishangaa tu. Akaniambia: "Eh, Mama Mwalimu, ile si ilikwisha? Gavana alishaondoka."

Akanawa mikono, akala sombe kidogo, akaweka bahasha ya rambirambi, akaaga. Wazee waliokuwa karibu walikuwa wamesikia. Mmoja wao, aliyeweka dole gumba kwenye orodha ya kwanza na ya pili na ya tatu, aliniuliza kama nina kalamu. Nikamwambia ninayo. Akasema niandike swali lile na jibu lile, niandike na tarehe, na nikifika nyumbani niviweke kwenye bati pamoja na transfo.